Kesi ya Madirisha na Garanti ya Miaka Kumi

Ndugu msomaji mwenye mke, watoto na mama mkwe chini ya bati moja, wewe utanielewa bila maelezo marefu. Nyumba yetu hapa Bungulu, mjini Beni, ilijengwa ikiwa na madirisha ya nako, yale ya vipande vya kioo vinavyopandana na kufunguliwa kwa mkono wa chuma pembeni. Kwa kupitisha hewa, nako haina mpinzani. Kwa mpira wa watoto, haina kinga. Kijana wangu Kasereka, ambaye kila mtu nyumbani anamwita Goli, alivunja kipande leo, kingine wiki ijayo, mpaka sebule ikawa na katoni nyingi kuliko vioo. Mvua ikipiga, katoni inalowa, inajikunja, halafu inadondoka juu ya kiti cha mama mkwe.

Kiti hicho hakiguswi. Mama mkwe wangu, tunayemwita Jaji anapokuwa jikoni na hasikii, alikuja kutusalimia zamani kidogo na mpaka leo bado anatusalimia. Ni mama mwenye busara, anapika sombe inayonyamazisha nyumba nzima, lakini akisema neno, rufaa haipo. Siku katoni ilipoanguka ndani ya chai yake, alitangaza kwamba madirisha yabadilishwe, yawekwe ya alumini, yale ya kusukuma.

Familia ya mke wangu ina mtu kwa kila jambo. Kwa mambo ya bidhaa tuna Shemeji Guangzhou. Yeye ni mfanyabiashara wa Butembo, na kama wenzake wengi wa pale, mzigo wake unatoka China au Dubai, unashuka Mombasa, unakatiza Uganda na kuingilia Kasindi. Hawezi kula bila kusimulia forodha. Ndiye aliyetuelekeza kwenye kenkayeri moja, duka la vifaa vya ujenzi, kule Butembo, na ndipo tulipokutana na swali lililogawanya nyumba. Muuzaji alitoa garanti ya mwaka mmoja bure. Ukiongeza asilimia 15 ya bei, alikupa karatasi nyingine, yenye muhuri mwekundu, ya miaka 10.

Jaji aliupenda ule muhuri. Shemeji Guangzhou akamuunga mkono. Mke wangu, Mama Masika, ambaye franga haipiti mbele yake bila kuulizwa inakwenda wapi, aliichukua karatasi, akaisoma mpaka chini kwenye maandishi madogo, kisha akaniita pembeni.

“Baba Masika, hii karatasi inalinda nini?”

Tuliisoma pamoja. Ililinda rangi ya alumini na kufuli. Haikulinda kioo kilichovunjika. Haikulinda ufungaji. Haikulinda dhidi ya vita, machafuko, mlipuko wala tetemeko la ardhi. Fikiria karatasi hiyo ikiuzwa kwa mtu wa Beni! Mkoa wetu uliwekwa chini ya utawala wa kijeshi Mei 2021 kwa sababu ya vita, na kuna usiku vioo vinatetemeka kwa sauti za mbali kabla watu hawajaamka. Tetemeko nalo si hadithi kwetu. Jaji mwenyewe alikuwa msichana tarehe 20 Machi 1966, ardhi ilipotikisika upande wa Toro, Uganda, na nyumba zikaanguka mpaka huku kwetu. Anaisimulia asubuhi ile vizuri mno, na alianza kuisimulia palepale. Kikao kikasimama mpaka mbuzi wote wa baba yake walipopatikana.

Tulimpigia pia Shemeji Iowa, mdogo wa mke wangu aliyehamishiwa Marekani na familia yake. Yeye alisema kule watu wanalipia garanti ndefu na wanaona faida. Nilimsikiliza kwa makini, kwa sababu alikuwa na mifano. Kampuni kama Andersen, iliyoanzishwa mwaka 1903, inatoa miaka 20 kwa kioo na miaka 10 kwa sehemu nyingine, na ukiuza nyumba, garanti inamfuata mnunuzi. Madirisha yao yana vioo viwili vilivyofungwa pamoja. Gundi ya pembeni ikichoka, unyevu unaingia katikati na kioo kinakuwa na ukungu ambao kitambaa hakiufikii, kwa hiyo karatasi ina kazi ya kufanya. Lakini hata kule, alisema, soma vizuri: nyingi zinakupa kioo kipya, mkono wa fundi unaulipa wewe. Na kampuni ikifunga milango, ahadi yake imefunga pia.

Hapo ndipo mimi niliposimama, na bado nimesimama hapohapo. Ahadi ya miaka 20 kutoka kwa kiwanda chenye zaidi ya miaka 100 ni kitu. Ahadi ya miaka 10 kutoka kwa duka ambalo mwaka juzi lilikuwa la nguo ni muhuri tu. Kijana mwanasheria wa jirani, aliyekuja kuazima ngazi, alituongezea jambo ambalo kila mnunuzi Kongo angepaswa kulijua: sheria yetu ya mikataba, Amri ya tarehe 30 Julai 1888, inambebesha muuzaji kasoro iliyofichika katika kitu alichouza, bila kulipwa senti ya ziada, ila mnunuzi asikawie kulalamika. Basi kwa nini tununue sehemu ya kile ambacho tayari ni haki yetu?

Mama Masika alipiga hesabu nyuma ya fakture. Pesa ileile ya muhuri ingetosha kutoka kioo cha milimita 4 kwenda cha milimita 6, na kioo hicho kinabeba msukumo wa upepo zaidi ya mara mbili ya kile chembamba. Tulikuwa wawili wenye hoja. Jaji alikuwa mmoja, na akashinda. Dirisha la sebule likanunuliwa pamoja na garanti ya miaka 10, fundi akatoka dukani pamoja nalo, na kioo kikaja kutoka Butembo kimesimamishwa wima kati ya magodoro ndani ya Fuso, kilomita 54 za kushikilia roho.

Mvua kubwa ya kwanza ilipokuja, maji yalijaa kwenye reli ya chini, yakapanda, yakamwagika ndani. Yalifuata ukuta mpaka kwenye kile kiti. Jaji alitoa karatasi kutoka kwenye Biblia yake na kuamuru simu ipigwe. Muuzaji akajibu kwa upole kwamba ufungaji hauhusiki, lakini tukitaka dirisha likaguliwe, tuling’oe na kulipeleka Butembo, usafiri juu yetu. Fundi wake akasema kosa ni la alumini. Tulibaki na ndoo, matambara na Shemeji Guangzhou akieleza jinsi maji yalivyoharibu kontena lake Mombasa.

Aliyetuokoa ni Masika, binti yangu mkubwa, Injinia wa nyumba. Alitoka nje na mwavuli, akachuchumaa chini ya dirisha, akapitisha kidole kwenye ukingo wa reli. Kule chini kuna vitundu virefu, vyembamba kama ukucha, vilivyokatwa kiwandani ili maji ya mvua yatoke nje. Fundi alikuwa ameviziba vyote kwa silikoni ili kazi ionekane safi. Masika alichukua spoki ya baiskeli ya Goli, akachokoa utando mweupe ukatoka mzimamzima, na maji yakaruka nje juu ya viatu vyake. Akachokoa cha pili. Reli ikakauka mbele ya macho yetu.

Uamuzi wa madirisha ya vyumba vya kulala ulimwangukia Mama Masika, na hapo hakuna aliyebisha. Alinunua kioo cha milimita 6 na mpira mzuri wa kubania kioo, akachukua fundi wa hapa Bungulu anayejulikana anapolala, na akaandika naye karatasi fupi kwa mkono: theluthi ya pesa ya kazi inabaki mkononi mwa Mama Masika mpaka mvua za Septemba na Oktoba zipite. Wajenzi wa barabara na shule wanakatwa hivyohivyo, sehemu ya malipo inashikiliwa mpaka kazi ijithibitishe. Mwenye hofu akawa fundi.

Na fundi alikuja. Kila mvua ilipopiga usiku, asubuhi alikuwa mlangoni na koti la plastiki, kabla sisi hatujanywa chai. “Mama, iko namna gani? Haijaingia?” Aligusa kila kona, akabadilisha mpira mmoja uliolegea bila kuombwa. Mwisho wa Oktoba Mama Masika akamhesabia pesa yake, noti kwa noti, Goli akiwa shahidi.

Jaji alifuatilia yote kutoka kwenye kiti chake. Fundi alipokuwa anakunja noti, akamwita: “Mwanangu, mlango wa nyuma unavuja. Utakuja lini? Na kwangu si theluthi. Kwangu nusu inabaki.”

Fundi alinitazama mimi. Nilimwonyesha mlango ulipo.