Barua ya Wazi kwa Mkuu wa Kizuizi

Mheshimiwa Afande,

Salamu kutoka Garissa. Twatumai wewe, vijana wako na ule ubao wa misumari hamjambo. Naandika kushukuru kwa mapokezi mliyotupa, mahali fulani kati ya mto Tana na Thika, mimi na mume wangu, watoto na mama mkwe, tulipokuwa tukienda Nairobi kwenye tamasha la filamu.

Garissa hadi Nairobi ni kama kilomita 370, lami tupu. Dereva huhesabu lami. Sisi abiria tunakuhesabu wewe. Kijana wako alipanda basi, akachagua nyuso, akasema, “Vipande!” Wenye sura za kufaa wakaendelea kusinzia. Sisi tukashuka, tukapanga foleni juani, vitambulisho juu. Watoto wakabaki dirishani wakitutazama. Mama mkwe, aliyezaliwa Garissa kabla bendera ya Kenya haijapandishwa, akaulizwa ametoka nchi gani.

Tulifika tamashani watu wakitoka.

Filamu tuliyoikosa ni Watu Wote. Haifiki hata nusu saa. Ni ile ya basi la Mandera, Desemba 2015: magaidi wakataka Wakristo watengwe, Waislamu wakakataa. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi siku ile, akafariki Januari 2016. Filamu yenyewe ikafika hadi kuwania Oscar mwaka 2018. Nilitaka wanangu waone kwamba abiria wanaweza kukataa kugawanywa. Walichoona ni mama yao akigawanywa mchana kweupe, na serikali anayoilipa kodi, huku basi zima likinyamaza. Magaidi walikataliwa. Nyinyi mnaitikiwa “ndiyo, afande.” Nilale vipi na hilo?

Samahani, nimepandisha sauti. Turudi kwenye shukrani.

Ombi langu ni hili: kwa kuwa hatufiki kwenye tamasha, tamasha lihamie kizuizini. Kila kitu mnacho. Watazamaji huletwa na mabasi bila tangazo. Tochi mnazotumulika nazo machoni usiku zitakuwa projekta, na shuka jeupe litatundikwa kati ya migunga miwili. Mpangilio wa viti mmeshauzoea: wenye sura za kufaa wabaki basini, roshani ya wageni mashuhuri; sisi tutasimama mchangani, karibu kabisa na skrini. Tiketi ni kitambulisho. Aliyekisahau atapelekwa ukumbi mdogo, seli, kwenye onyesho la usiku kucha.

Tuzo nazo zipo. Mwigizaji bora ni yule anayeshika kitambulisho juu chini na kukunja uso kana kwamba amegundua kosa. Tuzo ya sauti iende kwa anayeita “Warya, harakisha!” hadi mbuzi ng’ambo ya barabara wakaharakisha. Tuzo ya uhariri haina mshindani, ni ya makanga: akipenyeza noti, onyesho la saa mbili hukatwa likawa la dakika tano.

Mswada ndio fahari yetu. Aliuanza mkoloni, alipoifunga Northern Frontier, kaskazini hii yetu, na kumdai mtu pasi ili atoke kwao. Mwaka 1989 ukapata sehemu ya pili: Wasomali wa Kenya wakaagizwa kupigwa msasa, waliofaulu wakapewa kadi za rangi ya waridi. Sheria za hali ya hatari zilizotubana huku kwetu zikaondolewa 1991, ila waigizaji hawakuambiwa. Februari 2025 Rais alisimama Wajir akatangaza mwisho wa msasa wa vitambulisho, tukapiga vigelegele. Nadhani tangazo hilo lilipanda basi kuja kwako, likashushwa njiani.

Mengine ni madogo. Choo. Kivuli. Kifungu cha 39 cha Katiba, kinachoturuhusu kutembea nchini, kibandikwe popote, hata nyuma ya ubao wa misumari. Na kalamu ya mume wangu irudi.

Tafadhali jibu kabla ya likizo ya Agosti. Binti yangu mkubwa anatimiza miaka 18, anachukua kitambulisho, kwa hiyo safari ijayo hatakaa tena dirishani na wadogo zake. Mtengee nafasi kwenye foleni. Hahitaji mazoezi: maneno yake yote ameshayakariri.

Wako mtiifu,
Abiria aliyeshushwa