Mzee, Geuza Bega!

Uwanja wa tenisi ninaochezea hapa Dar es Salaam una kocha mmoja na washauri wasio na idadi. Hata mlinzi wa geti, ambaye sijawahi kumwona ameshika raketi, aliniambia juzi huku anamenya karanga, "Shikamoo mzee. Fohendi yako ina nguvu, ila haina miguu." Nikaitikia marahaba, nikapiga mpira ukaruka ukuta.

Kocha ni kijana mpole na wimbo wake ni huohuo: fohendi inaanzia ardhini. Kunja magoti, uzito ukae mguu wa kulia, geuza kiuno na mabega pamoja. Mkono wa kushoto usiachie shingo ya raketi mpaka bega ligeuke. Kisha piga mpira ukiwa bado mbele yako. Mkono ni mjumbe tu, na mjumbe hauawi.

Mwenzangu tunayecheza naye wawili wawili hana habari na magoti. Kamtazama Rafael Nadal kwenye simu, akapenda raketi inavyomalizikia juu ya kichwa. Kwamba Nadal anapigia kushoto, na ana mataji 14 ya Roland Garros, hayo hakuyatilia maanani. Jumamosi akazungusha. Raketi ikaondoka na kofia na miwani yake. Mpira ukanipata mgongoni, nimesimama wavuni namwamini.

Mimi silaha yangu ni kifundo cha mkono: chap, mpira unajikunja. Dominic Thiem, bingwa wa US Open 2020, aliumia kifundo akipiga fohendi huko Mallorca, Juni 2021, na hakurudi tena kwenye kiwango chake. Changu, kilicholelewa na kalamu za ofisini, kikaupeleka msiba kwenye kiwiko.

"Panauma ndani au nje?" fizio akauliza. Ndani. "Nje mara nyingi ni bekihendi. Ndani ni fohendi na sevu, za mtu anayekunja kifundo mpira ukishampita." Kumbe nina kiwiko cha wacheza gofu, mchezo ninaouona kwenye televisheni tu! Nikapewa zoezi la kushika chupa ya maji, kiganja juu, na kuishusha polepole.

Kukaa mbali na uwanja si kazi. Kazi ni salamu. Mswahili akikupa mkono hauachii mpaka ziishe habari za nyumbani, za watoto na za mvua. Kwenye harusi moja, babu wa upande wa bwana harusi aliukaza wangu, akautikisa kwa kila jina la ukoo wetu analolikumbuka, na anaukumbuka ukoo mzima. Machozi yakanitoka. Babu akamgeukia mke wangu: "Mumeo ana mapenzi na watu."

Kiwiko cha namna hii hupona kwa miezi, si kwa siku. Ndugu msomaji, tukikutana shughulini, nipungie tu.