Udongo wa Maktau

Alhamisi

Nimeshuka Voi, kofia imebaki kwenye treni. Nilikumbuka milango ikifungwa. Jua la huku halina mchezo, basi nikanunua leso nikajifunga kichwa. Kijana atakayenitembeza alinikuta nje ya stesheni, akanipokea mkoba. Ananiita Mwalimu, kwa kuwa nilimwambia kwenye simu kwamba nilisomesha historia miaka ishirini na saba. Kilichonileta hasa sijamwambia.

Kilichonileta ni babu yake mama. Baada ya vita vya Wagiriama na Waingereza mwaka wa 1914, serikali ilitutoza faini, na juu ya faini ikataka wanaume elfu moja wa kufanya kazi. Yeye alichukuliwa akatiwa Kariakoo, kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia, ambacho jina lake limebaki Dar es Salaam, na Nairobi pia, wanakosema Kariokor. Watu hununua vitunguu na vyondo kwenye masoko yenye jina hilo bila kujua. Hawe, bibi yangu, alikuwa akisema babake alipelekwa “bara, kwenye reli.” Hakurudi. Wazee wakamsimamishia koma, nguzo ya kumkumbuka marehemu, bila kaburi.

Ijumaa

Asubuhi tumekwenda makaburi ya vita, hapa hapa Voi. Nilipoinama kusoma jiwe la kwanza, kioo kimoja cha miwani kikachomoka kikapotelea kwenye nyasi. Kilipopatikana kilikuwa na ufa katikati. Kwa hiyo kijana akanisomea. Alipita jiwe kwa jiwe, jina, kikosi, tarehe, kwa sauti ya kusikika, wala hakuruka hata moja. Sijapata kusikia makaburi yakisomwa hivyo, na ninamshukuru.

Moja ni la William Dartnell, mzaliwa wa Australia, aliyeuawa karibu na Maktau tarehe 3 Septemba 1915. Alikuwa amejeruhiwa mguu. Alipoona majeruhi wengine hawawezi kubebwa, alisisitiza aachwe pamoja nao, huenda akawaokoa. Alitunukiwa Msalaba wa Victoria akiwa keshakufa. Niliomba nisomewe tena lile jiwe. Mtu yule anastahili jiwe lake.

Nikamwuliza kijana, na wapagazi je? Akasema, “Wengi walizikwa pale pale walipoangukia, Mwalimu.” Ndipo nikamweleza habari za babu. Akanyamaza, kisha akasema leo tusiharakishe.

Mchana hatukuweza kuharakisha hata kama tungetaka. Tulipata pancha tulipokaribia Maktau, na spea ilikuwa haina upepo. Fundi wa Mwatate alisema anakuja. Kifuniko cha chupa yangu kilikuwa kimelegea, maji yote yamemwagikia mkobani, tukabaki na nusu chupa ya kijana. Tukakaa chini ya mgunga kando ya reli kuukuu, saa mbili na zaidi.

Reli hii ilianza kujengwa kutoka Voi mwaka wa 1915. Wajerumani walikuwa wameshaiteka Taveta tangu Agosti 1914, na Waingereza hawakuwa na njia ya kupitisha jeshi kwenye nyika hii isiyo na maji. Kufikia katikati ya 1915 reli ilikuwa imefika hapa Maktau. Maji yaliletwa kwa bomba kutoka Bura. Doria za Wajerumani zilikuja usiku kutega baruti chini ya mataruma. Kijana alinieleza hayo yote huku akichora mchangani kwa kijiti, na nusu chupa yetu ikipungua. Nilifikiria ndoo, magunia, vyuma, na vichwa vilivyobeba, maana reli ilipoishia ndipo mzigo ulipopandishwa kichwani.

Wapagazi hawakufa kwa risasi sana. Walikufa kwa kuhara, kwa malaria, kwa kubebeshwa wakiwa wagonjwa, kwa unga wa mahindi usioiva ambao matumbo ya wengi hayakuuzoea. Ni makumi ya maelfu, kwa upande wa Waingereza peke yao. Mwaka wa 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu kati ya 116,000 na 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Tazama umbali wa tarakimu hizo mbili. Katikati yake ndimo alimo babu.

Fundi alifika saa kumi na moja.

Jumamosi

Salaita. Mwiba umepenya soli hadi kisiginoni, nimepanda kilima nikichechemea. Kijana alitaka turudi, nikakataa. Tarehe 12 Februari 1916 askari wa Afrika Kusini walikishambulia kilima hiki. Mizinga ilipiga kileleni, kumbe mahandaki yenyewe ya Wajerumani na askari wao Waafrika yalikuwa chini. Washambuliaji walirudishwa nyuma vibaya, na waliowakinga ni Wabaluchi wa jeshi la India, watu ambao wao walikuwa wakiwadharau. Nilisomesha vita hivi kwa sentensi moja, miaka yote ile. Ningeleta watoto hapa.

Tulipogeuka, tumbili walikuwa wameshafungua mkebe wangu wa chapati. Mkebe wameuacha.

Vilima vya Latema na Reata tumeviona kwa mbali tu, kwenye mvua.

Wakati wa kurudi nikamwomba kijana asimame Maktau, penye ule mgunga. Nikaufuta mkebe kwa leso, nikachota udongo kando ya reli, magao mawili. Kijana alinishikia mkebe. Udongo ni mwekundu, na ulikuwa umelowa.

Jumapili

Stesheni ya Voi. Mizigo ilipangwa mstari, mbwa akapita akinusa, akasimama kwenye mkoba wangu. Nadhani ni harufu ya chapati. Afisa akaniambia, “Mama, fungua.” Akautazama udongo, akauliza kama ni dawa. Nikasema ni wa kupeleka kwetu. Akauliza wa nini, nikamweleza tangu 1914, foleni yote ikingoja nyuma yangu. Hakunikatiza. Nilipomaliza alikifunga kifuniko yeye mwenyewe, akakikaza, akanipa mkebe kwa mikono miwili.

Nimeupakata hadi Mariakani. Kesho naupeleka Kaloleni, iliposimama koma yake.