Bwana Mathenge, Mtunza Bustani

Vijitabu vya kutunza bustani bila kudhuru mazingira vina masharti yanayojulikana. Maji yatumike kwa kiasi. Mbolea ya dukani ibaki dukani. Sumu isinyunyizwe. Upandwe mti unaostahimili hali ya hewa ya mahali, na viumbe wadogo waachiwe makao. Hapa Garissa, mji ambao joto la Februari hupita nyuzi 35 na mvua ya mwaka mzima huja kwa kubembelezwa, ni mmoja tu aliyetimiza masharti yote hayo, tena bila kuhudhuria warsha hata moja. Huyo ni Mathenge, ambaye wanasayansi humwita Prosopis juliflora na wenye mbuzi humwita majina yasiyochapishika.

Nitamsifu, maana wa kumtukana ni wengi na hawahitaji msaada wangu.

Tuanze na ukoka. Wapo kati yetu, hasa wenye ofisi na wenye hoteli, wanaotamani uwanja wa nyasi kama waliouona Nairobi. Ukoka huo hunyweshwa asubuhi na jioni. Mfereji ukikauka, huletewa mitungi kwa mkokoteni wa punda. Ukishapata rangi ya kijani, mbuzi wa mtaa mzima hupata habari, na wanachokiacha mbuzi humaliziwa na mchwa. Mathenge hana makeke hayo. Hunywa mwenyewe, mizizi yake ikiteremka mpaka ikutane na maji. Jamaa yake mmoja wa Arizona, Marekani, mzizi wake ulikutwa mgodini mita 53 chini ya ardhi. Kwa kuwa ni wa ukoo wa mikunde, naitrojeni yake huipata hewani, mbolea isiyohitaji gunia. Na kuhusu kukata nyasi, ametoa jibu ambalo fundi yeyote wa bustani angeogopa kulitoa: chini yake nyasi hazioti. Kivuli chake na majani yanayodondoka huzima karibu kila kinachojaribu kuchipua. Sijasikia mashine ya kukata nyasi iliyo kimya kuliko hiyo.

Misimu ya Kisomali haimbabaishi. Jilaal ikiingia Januari na mifugo ikaanza kuonyesha mbavu, yeye yuko kijani, na kijani hicho, mtu aseme atakavyo, hupumzisha macho. Gu ikinyesha huchipua, na hagaa ikileta upepo na vumbi husimama ukutani kama askari. Deyr nayo, mvua za mwisho wa mwaka, humletea usafiri. Maganda yake huelea majini, basi mafuriko kwake ni basi la bure. Novemba 2023, mvua za El Niño zilipoikata barabara ya Garissa na Madogo pale Kona Punda, malori yalikwama, abiria walikwama, mitungi ya gesi ilikwama. Mathenge alipita.

Asiyepita mtoni hupita tumboni. Mbuzi hula ganda, mbegu hutoka salama upande wa pili, imelainishwa na kufungwa pamoja na samadi yake. Hapo ndipo unapoanza kuustaajabia ujasiri wa huyu bwana, kwa sababu hati hana. Asili yake ni Amerika ya Kati na Kusini. Rekodi zinamweka Kenya mwaka 1973, kwa mbegu kutoka Brazil na Hawaii, alipopandwa Bamburi, Mombasa, kufunika machimbo ya kiwanda cha saruji. Miaka ya 1980 akapewa kazi Baringo, na hapa karibu, ng'ambo ya Tana, katika mradi wa umwagiliaji wa Bura, ili watu wapate kuni. Alialikwa, hakujipenyeza. Aliletwa na mradi. Mradi ukaisha, magari yakaondoka, yeye akabaki.

Sasa mchukue kijana aliyezaliwa Garissa, na babu yake Garissa vilevile. Kwa miongo mingi kijana kama huyo akiomba kitambulisho aliitwa mbele ya kamati, akaulizwa ukoo, akaulizwa babu, akaambiwa arudi wiki ijayo, mpaka Februari 2025 Rais alipotangaza kwamba utaratibu huo umefutwa. Mathenge babu yake hajaulizwa na yeyote. Hupanda lori soko la mifugo la Garissa akiwa ndani ya mbuzi, huvuka daraja la Tana, hupita kizuizi baada ya kizuizi kuelekea Nairobi, wala hakuna askari aliyewahi kumwambia ashuke apange foleni.

Kuna wanaosema huleta wadudu na wanyama waharibifu uani. Mimi nasema ni ukarimu. Nyoka amempa stara, ngiri amempa makao, na mbu amempa chakula. Hili la mbu lina ushahidi: watafiti waliofanya kazi katika vijiji vya Mali walichapisha mwaka 2017 kwamba, walipoyaondoa matawi yake yenye maua, mbu waenezao malaria walipungua sana, hasa wale wakongwe. Ndiyo kusema nekta yake huwafikisha mbu uzeeni, na mbu mkongwe ndiye mwenye malaria ya kugawa. Vijitabu vyetu vinahimiza tupande maua ya kulisha wadudu. Havikutaja wadudu gani.

Nzige walipoingia kupitia Mandera mwishoni mwa 2019, walitumiwa ndege za kunyunyiza dawa. Mathenge amekaa miaka mingi kuliko wao na hajatumiwa hata baiskeli. Ingepata pancha, ni kweli. Mwiba wake hupenya kandambili, hupenya tairi la tuktuk, na ukivunjikia mguuni hukupa kidonda cha kukufikisha hospitali. Vijana wa kuziba pancha hawana neno baya juu yake.

Hapa kejeli inanipungukia kidogo. Kuzunguka kambi za Dadaab, zilizoanza kufunguliwa mwaka 1991, miti ya kienyeji imekatwa hadi mbali, na mwanamke anayepata kuni bila kutembea kutwa nzima porini mara nyingi amezipata kwa Mathenge. Nguzo za vibanda, ua wa matawi, makaa, kivuli cha kuuzia chai: yote hayo huyatoa, na nyuki hawalalamiki. Wanaotaka ang'olewe kesho wawaulize kwanza akina mama hao watapikia nini kesho kutwa.

Kesi yake maarufu ilitokana na utamu. Ganda la Mathenge lina sukari nyingi, na mbuzi asiyekula kingine huozeshwa meno na sukari hiyo. Mwaka 2006 wakazi wa Baringo waliishtaki serikali kwa kumleta, na kielelezo walichopeleka mahakamani Nairobi kilikuwa mbuzi kibogoyo. Sijui wakili gani angeweza kumhoji shahidi yule. Mwaka 2008 serikali, ile ile iliyomkaribisha, ikamtangaza rasmi kuwa gugu hatari, na kwa sheria mwenye ardhi anatakiwa kulitokomeza. Mathenge aliipokea notisi kwa adabu, akaongeza matawi. Watafiti wa misitu wa KEFRI walikuja na ushauri wa kiungwana zaidi: maganda yasagwe yawe chakula cha mifugo, kwa maana mbegu iliyosagwa haioti. Tatizo ni kwamba kinu kinataka umeme au dizeli, na mbuzi husaga bure, isipokuwa mbegu.

Atakayeamua kuachana naye ajue kwamba kumkata juu ni kumwongezea nguvu. Ukikata shina moja, kisiki hurudisha mengi. Ni lazima ufukue mpaka chini ya pale mizizi inapoanzia, kwa jembe na sururu, alfajiri kabla jua halijawa kali, ukiwa umevaa viatu vya maana. Vibarua hupandisha bei wakiona miba, nao wana haki. Ukishafukia shimo na kusawazisha, nenda ukamwone mwenye ploti inayopakana na yako. Wa kwake hakumfukua, wala hatamfukua, kwa sababu gari lake hulala chini ya kivuli chake, na maganda yakiiva huangukia upande wako.