Hongera kwa Washiriki wa Warsha

Wenye husuda wanadai sisi watumishi tukipelekwa warsha Zanzibar hatuoni kitu. Tunaona sana! Tunaona tulichoelekezwa, kwa foleni, na fulana za nembo tumevaa. Hayo ndiyo malezi: tangu darasa la kwanza tulichapwa tusichungulie dirishani.

Pale Mji Mkongwe kuna mlango wa njumu za shaba. Kila mshiriki anaegemea palepale, anakunja mguu uleule, anatabasamu akiamriwa. Bibi mwenye nyumba kasimama kando na kikapu chake cha pweza, anangoja nafasi ya kuingia kwake. Na angoje. Mji ni urithi wa dunia tangu mwaka 2000. Yeye pweza wake wa leo asubuhi.

Kisiwa cha Changuu nako tulivuka kwa boti kutazama gereza la miaka ya 1890 lisilowahi kufunga mfungwa, likaishia kuwa karantini. Jengo zuri, fedha zilitumika, kazi iliyokusudiwa haikufanyika. Washiriki wote tulijisikia nyumbani.

Mlinganishe mshiriki na msafiri Ibn Battuta, maskini, aliyepita pwani hii mwaka 1331 bila posho wala bango. Akapoteza muda kutazama watu, hadi akaandika kwamba wa Mombasa chakula chao ni ndizi na samaki. Picha hata moja hana! Mhasibu gani angempitishia marejesho ya masurufu?

Mada ya warsha imo kwenye mkoba, haijafunguliwa isichakae. Ripoti iko tayari: ziara ya mafunzo imefana, tuliyojifunza yameambatishwa, kurasa zote za rangi.