Kongo ya Costa Rica

Niania, pale njia za Kisangani, Bunia na Isiro zinapokutana, madereva wawili, marafiki, walitoka kwenye kibanda cha video. Walikuwa wametazama Congo, ile filamu ya Hollywood ya 1995.

“Masokwe gani wale? Watu wamevaa manyoya!”

“Hata msitu wameuchukua Costa Rica, ndugu yangu.” Huyu ni wa kusoma majina ya mwishoni mwa filamu mpaka la mwisho, wenzake wakiwa wameshakunja mikeka.

“Kumbe! Na sisi tumekaa na msitu mzima wa Ituri hapa mlangoni.”

“Mimi niliwashtukia mapema. Filamu nzima, lori hata moja halikukwama kwenye matope!”

Wakacheka, wakakunja suruali, wakarudi kulisukuma la kwao.