Choo Kimoja, Watu Wanne, Bahari Nzima

Kampuni za meli za kitalii huuza vyumba vya aina nne. Cha bei nafuu ni chumba cha ndani, kisicho na dirisha. Kinafuata chenye dirisha lisilofunguka. Kisha chenye roshani. Na juu kabisa kipo chenye sebule yake, ambacho familia nyingi hutazama picha zake, husoma bei, halafu hurudi kwa adabu kwenye ukurasa wa kwanza. Aina hizi hutofautishwa kwa kipimo cha bahari: nani ataiona, na akiwa amesimama au ameketi. Kipimo hicho kinawafaa maharusi. Kwa baba, mama na watoto wawili wa miaka 14 na 17, bahari si tatizo, maana iko kila upande na haiishi. Kinachogombewa ni choo.

Chumba cha ndani cha kawaida kina mita za mraba 15 hivi, choo na bafu vikiwa humo humo. Tangazo husema kinalaza watu wanne, na tangazo halisemi uongo: watu wanne hulala. Wawili hulala kwenye kitanda kikubwa, na wawili kwenye vitanda ambavyo mhudumu huvishusha kutoka darini au ukutani kila jioni, pamoja na ngazi yake. Jambo lisilowezekana humo ni watu wanne kuwa macho kwa wakati mmoja. Mvulana mrefu wa miaka 17 akiketi ghafla kwenye kitanda cha juu, kichwa chake hufahamishwa kwamba meli hujengwa kwa chuma. Ngazi nayo husimama palepale pa kupitia kwenda msalani, na anayeamka saa tisa usiku huipata kwa kidole kidogo cha mguu.

Msala wenyewe unastahili kuelezwa kwa utaratibu. Bafu ni kona yenye pazia jepesi, na maji ya moto yakifunguliwa pazia hilo huingia ndani na kumng'ang'ania anayeoga. Choo hunyonya kwa nguvu ya hewa, kwa mngurumo mfupi unaotosha kuwaamsha waliokwisha lala. Foleni huanza jioni, kila mtu anapotaka kuoga kabla ya chakula, na huwa ndefu zaidi ikiwa aliyetangulia ni kijana anayetengeneza nywele. Wako wasanifu walioliona hilo. Meli za Disney, kuanzia Disney Magic ya mwaka 1998, zina vyumba vingi ambamo choo na sinki viko nyuma ya mlango mmoja, na bafu na sinki jingine nyuma ya mlango wa pili, kiasi kwamba mmoja anaweza kuoga na mwingine kusukutua bila kesi. Norwegian Epic ya mwaka 2010 nayo ilitenganisha choo na bafu, ila sinki ikaachwa chumbani, na badala ya kuta kukawekwa vioo vya ukungu. Mpango huo unaweza kuwapendeza wapenzi wawili. Baba na binti yake wa miaka 14 wataupima kwa namna nyingine.

Kwa sababu hiyo, hesabu ya vyumba viwili hufanywa mapema. Nauli hupangwa kwa kichwa, ikichukuliwa kuwa kila chumba kina watu wawili. Abiria wa tatu na wa nne katika chumba kimoja mara nyingi hulipa pungufu, lakini hulipa. Ndiyo maana kuna safari ambazo vyumba viwili vya ndani hugharimu karibu sawa na chumba kimoja chenye roshani chenye watu wanne, na nyingine hata chini ya hapo. Wazazi wakionyeshwa hesabu hiyo huona vyoo viwili. Matineja huona mlango ambao mama yuko upande wake wa pili.

Hapo huingia sharti la umri. Kampuni nyingi zinazoondoka bandari za Marekani, kama Miami na Galveston, hutaka kila chumba kiwe na angalau mtu mmoja mwenye miaka 21. Zinazolegeza sharti hilo hufanya hivyo kama chumba cha watoto kiko jirani na cha wazazi wao, na kila kampuni ina tafsiri yake ya ujirani. Njia inayotumika sana ni kuandikisha baba na mwana chumba kimoja, mama na binti kingine, kisha kuomba kadi za ziada za milango baada ya kupanda melini. Matokeo yake ni kwamba, kwenye orodha ya abiria, ndoa ya miaka ishirini hutengana kwa juma zima. Zawadi ya wanandoa, ikiwa wakala aliagiza ipelekwe chumbani, humkuta baba ameketi na mwanawe, wakitazamana juu ya stroberi zilizochovywa kwenye chokoleti. Kadi ya mlango pia ndiyo ya malipo. Anayemkabidhi kijana kadi iliyoungwa na akaunti ya wazazi, bila kuiwekea kikomo, hupata taarifa kamili ya michezo ya video siku ya mwisho.

Kubanana hakukubaliki. Familia ya Waswahili iishiyo Houston, mwendo wa saa moja hivi kutoka Galveston, huweza kuona ni jambo la kawaida kabisa binamu aliyejitokeza juma la mwisho aongezwe chumbani na kulala kwenye zulia. Nyumbani angelala na asubuhi angepewa chai. Lakini mwaka 1912 Titanic ilizama ikiwa na boti za kuokolea zisizotosha watu wake, na tangu mkataba wa kimataifa uliotiwa saini London mwaka 1914, idadi ya watu na nafasi zao za kujiokolea ni jambo la sheria. Huweza kutokea kitanda kipo wazi na wakala bado akakataa, kwa kuwa sehemu ile ya meli imekwisha jaza boti zake. Mtoto mchanga huhesabiwa naye, hata kama anabebwa mgongoni.

Mpangilio unaopendwa na wazoefu ni wa vyumba vinavyotazamana: wazazi upande wa roshani, vijana ng'ambo ya korido, chumba cha ndani. Una haki yake. Roshani iliyolipiwa kwa ajili ya vijana hufungwa pazia tangu siku ya kwanza, kwa madai kwamba mwanga unaingia kwenye kioo cha simu. Matumizi yake pekee huwa kuanika kaptula ya kuogelea, ambayo upepo huichukua meli inaposhika kasi. Chumba cha ndani, kwa upande mwingine, hakina asubuhi. Taa ikizimwa ni giza totoro, na kijana huweza kutoka humo saa nane mchana akiuliza kama kifungua kinywa kimeanza. Disney Dream ya mwaka 2011 ilijaribu kulitibu hilo kwa kuweka ukutani skrini ya duara inayoonyesha bahari kupitia kamera za nje. Mlango wa kati unaounganisha vyumba viwili ni mzuri pia, mradi familia iwe imechukua vyote viwili. Ikichukua kimoja tu, itaujua ugomvi wa majirani kwa majina.

Kuhusu mahali, meli hupanda na kushuka zaidi omo na tezi. Katikati, sitaha za chini, ndiko kwenye utulivu. Hata hivyo, mchoro wa sitaha husomwa kwa kuangalia pia kilicho juu na kilicho chini ya chumba. Chini ya bwawa la kuogelea, viti huanza kuburuzwa alfajiri. Juu ya disko, ngoma hupanda kupitia godoro. Omo kabisa, nanga ikishushwa, hakuna haja ya saa ya kengele. Upo pia mtego wa bei rahisi kuliko zote, ambapo msafiri huiachia kampuni imchagulie chumba: wazazi huangukia sitaha ya pili, watoto ya kumi, na ujirani umekwisha. Kwenye meli kama Icon of the Seas, iliyoanza safari mwaka 2024 ikiwa na sitaha 20 na urefu wa mita 365 hivi, familia iliyotawanyika hukutana kwa miadi. Korido zake hufanana mno, na kijana anayehangaika na kadi isiyofungua mlango huwa, kwa kawaida, yuko mahali sahihi pa sitaha isiyo yake. Wenyeji wa mambo hubandika sumaku mlangoni, kwani chuma huzikubali.

Soketi ni chache, hasa kwenye meli za zamani, na simu ni nne. Nyaya zenye soketi nyingi na kinga ya umeme huzuiwa getini, pamoja na pasi ya mama, kwa hofu ya moto.

Vyumba viwili vina kasoro moja, nayo hujitokeza usiku wa mwisho. Masanduku hutakiwa kuwekwa koridoni kabla ya kulala, yachukuliwe na wahudumu na kushushwa bandarini. Kwa juma zima nguo zimekuwa zikihama kutoka chumba hadi chumba, kwa hiyo kila mzazi huamini kwamba suruali ya kesho imebaki kwa mwenzake. Asubuhi kijana huvuka gati la Galveston akiwa amevaa koti la mvua, shati la kulalia na kaptula ya baba yake, akipita mbele ya afisa wa uhamiaji anayelinganisha sura yake na ya kwenye pasipoti.